Kicheche wa Chama

Jogoo aliyeliwa Jumapili ile hakuwa jogoo wa hivihivi. Alikuwa na cheo. Vijana wa chama cha kufuga kuku walimwita Diwani kwa sababu ya mwendo wake: kifua mbele, shingo nyuma, hatua moja kisha anasimama kusubiri asalimiwe. Mbwa wa nyumba ya pili alikuwa akimpisha njia. Na kuwika, aliwika saa sita mchana, majogoo wenzake wakiwa wameshamaliza kazi na kusahau, kama mkubwa anayefika mkutanoni watu wameshakaa.

Aliyemchinja alikuwa mchora mabango, mtu mpole ambaye kwa kawaida hata nzi aliyenasa kwenye rangi mbichi humtoa kwa ncha ya brashi. Saa tano na nusu ya siku hiyo alikuwa uani akikoroga rangi nyeupe ya bango la zahanati. Mkewe, mshonaji, alikuwa ndani ameinamia cherehani. Binti yao alikuwa kwenye chama. Nyumba ilikuwa imetulia kabisa mpaka lango lilipogongwa na sauti ikapita juu ya ukuta.

"Wenyewe mpo, au mmesikia nakuja mkahama?"

Sauti hiyo haikuwa ya kuulizwa ni ya nani. Ilikuwa ya shemeji yake, kaka mkubwa wa mkewe, dalali wa mnada, mtu ambaye akinong'ona sokoni bei inapanda. Mara ya mwisho alipowatembelea aliwakuta na maharage. Alikula, akashukuru, akaaga vizuri. Halafu miaka miwili mizima haukupita mkusanyiko wa ukoo, wa furaha wala wa majonzi, ambao sahani ile haikusimuliwa. "Kwa dada yangu wanatunza afya," alikuwa akisema, na watu wameshaanza kucheka. "Maharage asubuhi, maharage jioni. Nilirudi kwangu nafoka kama basi bovu." Mchora mabango alicheka pamoja nao kila mara, huku maini yakimkatika.

Sasa alimkaribisha mgeni kwenye kiti chenye miguu minne iliyo mizima, akampa maji, akajisingizia kwenda kutazama jambo jikoni. Mkewe alikuwa ameshatangulia.

"Kuna nini?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Maharage," mkewe akajibu.

"Maharage tu?"

"Na chumvi."

"Buchani je?"

"Jumapili saa hizi? Utakuta gogo na nzi."

Wakasimama wakitazama sufuria kana kwamba ikitazamwa sana itaona aibu na kubadilika. Ndipo huko uani, bandani, Diwani akawika. Saa sita ilikuwa imefika.

"Huyo ni wa chama," mkewe akasema haraka.

"Sijasema kitu."

"Umegeuza shingo."

"Shingo ni yangu."

"Baba Karani, nakujua. Mtoto atatumaliza."

"Jogoo ni jogoo, Mama Karani. Kesho siku ya soko, naleta mwingine namweka palepale. Mtoto hajui, chama hakijui, na kaka yako anafunga domo lake mpaka tuzeeke. Au umesahau lile basi bovu?"

Mshonaji hakuwa amelisahau. Alikuwa amecheka naye, kwenye mikusanyiko ileile, akiwa amejibana kwenye kona na kitambaa mdomoni. Alitaka kusema hapana na alikuwa na kila haki ya kusema hapana. Badala yake akageuka, akaanza kutafuta sufuria kubwa.

* * *

Binti yao alikuwa na miaka kumi na minne na mtaa mzima ulimwita Karani. Alianza kuandika kabla hajajua kuandika. Alikuwa akichora mistari ukutani kila muuza maziwa anapopita, na siku muuza maziwa alipodai amepita mara nyingi kuliko alivyopita, walimpeleka ukutani akanyamaza. Alipojiunga na chama cha vijana, ilikuwa kama samaki ametiwa majini.

Chama kilikutana kwenye ghala kuukuu nyuma ya zahanati. Kila mwanachama alikabidhiwa jogoo mmoja wa mbegu nzuri na matetea wawili, na daftari. Kuku walikuwa mali ya chama mpaka vifaranga wa kwanza wagawanywe. Mlezi wao alikuwa mkunga mstaafu, bibi mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye nusu ya watu wa mtaa ule aliwapokea kwa mikono yake na bado aliwatazama kana kwamba wanahitaji kufutwa pua. Aliwafundisha vijana kuandika uzito, chakula, maradhi na mayai, kila wiki, bila kuruka.

Mwisho wa kila ukurasa kulikuwa na safu mbili. Moja iliitwa Maoni ya Mzazi. Ya pili iliitwa Sababu, na ilijazwa kuku anapopotea au kufa. Hapo ndipo mkunga alipoweka sheria aliyotoka nayo wodini: Sababu haiandikwi na mwenye daftari. Inaandikwa na aliyeona, kwa mkono wake mwenyewe, kisha mwanachama anaisoma kwa sauti mbele ya wazazi wote kwenye mkutano wa Jumamosi. Na sheria nyingine fupi zaidi: kuku wa chama akiliwa nyumbani, mwanachama anaanza upya daftari, wiki ya kwanza, na hachaguliwi kwa kazi yoyote mwaka huo.

Mkutano wa Jumamosi iliyokuwa inakuja ulikuwa wa kumchagua mtunza kumbukumbu, mwenye kushika madaftari yote na ufunguo wa kabati. Kazi hiyo Karani aliitaka mpaka ikawa inamnyima hamu ya kucheza. Alikuwa ameshamwomba mama yake vipande vya kitambaa akashonea kitabu kikuu cha chama jalada, jekundu, lenye mfuko wa kalamu. Mpinzani wake alikuwa mmoja tu, kijana aliyebatizwa jina la Kama Kawaida kwa sababu ndivyo alivyojaza kila safu: uzito, kama kawaida, chakula, kama kawaida, mayai, kama kawaida.

Jumapili ile alirudi nyumbani akamkuta mjomba wake mezani amekunja mikono ya shati, na mbele yake kuna bakuli linalotoa moshi.

"Kaa hapa, mwanangu," mjomba akasema, akamwekea paja zima. "Kula. Baba yako leo amekuwa mtu."

"Nyama ya wapi?" Karani aliuliza.

"Ya kununua," baba yake akajibu, akiitazama taa iliyokuwa haijawashwa.

Karani alikula paja mpaka mfupa ukang'aa. Mjomba naye alitafuna, akasimama kidogo, akatafuna tena.

"Jogoo huyu alikuwa na misuli," alisema. "Alikuwa anafanya kazi gani?"

Mchora mabango alipaliwa, ikabidi apigwe mgongoni. Na jioni hiyo, jambo ambalo halijapata kuonekana tangu banda lijengwe, mshonaji alisema mtoto amechoka, kuku atawafungia yeye.

* * *

Asubuhi, mtoto alipokwenda shule, mchora mabango alilichukua daftari lake ili ajue hasa anakwenda kununua nini. Jalada lilikuwa na duara la rangi ya buluu. Alilitambua. Kila Ijumaa mtoto aliliweka daftari kwenye meza yake ya kazi ili aandike maoni, na kila Ijumaa yeye aliona mahali pazuri pa kuweka kopo.

Alisimama asome mistari miwili, akajikuta amekaa. "Diwani," iliandikwa. "Mwekundu, mkia mweusi. Doa jeupe bawa la kushoto, ukubwa wa kifuniko cha soda. Kishungi kina meno matano, la pili limelala. Asubuhi anachechemea, akipata jua anaacha. Hapendi redio." Akafungua nyuma zaidi. "Wiki ya tatu. Baba alijenga banda. Msumari ulimchoma kidole. Alisema si kitu."

Mchora mabango aliikumbuka siku hiyo. Alikuwa amesema mambo mengi sana juu ya msumari ule, na juu ya aliyeutengeneza, na juu ya mama wa aliyeutengeneza. Katika yote hayo mtoto alichagua kuandika neno moja la heshima. Chini yake, Maoni ya Mzazi: peupe. Wiki ya nne: peupe. Na hivyo hivyo mpaka mwisho.

Alilifunga daftari, akalitia kwapani, akaenda sokoni akiwa mdogo kuliko alivyoamka.

Muuza kuku alimsikiliza akisoma, mkono kiunoni.

"Samahani, mzee wangu. Unatafuta kuku au unatafuta mtuhumiwa?"

"Natafuta anayefanana."

"Mwekundu mwenye mkia mweusi ninaye. Meno ya kishungi sijawahi kuhesabu, na sianzi leo."

"Doa jeupe je?"

"Doa?" Muuza kuku akacheka mpaka majogoo wake wakakohoa. "Wewe si ndiye mchora mabango? Ungekuwa fundi viatu ningekuelewa."

Alikuwa anatania tu maskini ya watu. Lakini kuna watu ambao utani ukiwaingia kichwani hugeuka kuwa mpango. Saa tisa ya mchana huo, mchora mabango alikuwa amepiga magoti uani, jogoo mgeni amefungwa kwenye aproni shingo tu na bawa moja vikiwa nje, na rangi ya bango la zahanati ikitua bawani taratibu, kwa brashi nyembamba kabisa, ile ya kuandikia namba za simu. Doa lilitoka zuri. Kusema kweli lilitoka zuri kuliko la mwenyewe. Lilikuwa na kivuli.

Mkewe alitokeza dirishani na futi ya kupimia shingoni.

"Umekamilika wazimu sasa."

"Tazama kwanza. Ungejua?"

Mshonaji alitazama, mdomo ukamcheza. "Ningejua," alisema. "Diwani hakuwahi kunitazama kwa woga."

* * *

Jumatano ilikuwa siku ya kupima. Karani alitundika mizani kwenye tawi, akamning'iniza jogoo kwenye kikapu, akasoma. Akamtoa, akamrudisha, akasoma tena. Jogoo akatumia nafasi hiyo kuwika. Ilikuwa saa kumi.

"Baba," aliita. "Diwani anaumwa."

"Anaumwa nini?" Baba yake alikuwa amejificha nyuma ya bango.

"Amepungua zaidi ya nusu kilo kwa wiki moja. Na amesahau saa."

"Kuku nao huwa na mawazo."

"Kishungi kimeota jino la sita."

"Ni umri."

Mchora mabango alichungulia pembeni ya bango, akaona asichotaka kuona: binti yake amelamba kidole gumba na anakisugua polepole kwenye bawa la kushoto. Kisha akakitazama kile kidole. Kisha akakinusa.

"Hii ni ya zahanati," alisema. "Ile uliyowaahidi haitoki kwa mvua."

"Haitoki kwa mvua," baba yake akasema kwa sauti ndogo. "Mate sikuyafikiria."

Karani alimweka jogoo chini, akampigapiga mgongoni kumtuliza, maana yeye hakuwa na kosa. "Ile nyama ya Jumapili," alisema. Hakuwa anauliza. "Nililamba na mfupa."

Angelia, ingekuwa afadhali. Baba yake angepata kazi ya kumbembeleza. Hakulia. Aliingia ndani akatoka na daftari, akalifungua mahali palipoandikwa Sababu, akaliweka juu ya meza ya kazi na kalamu juu yake. Mama yake alishatoka kwenye cherehani akasimama mlangoni.

"Andika ameliwa na kicheche," mshonaji alimwambia mumewe. "Yaishe."

"Kila mtu anaandika kicheche, Mama," Karani alisema. "Ukurasa baada ya ukurasa, kicheche. Mlezi amemwomba bwana mifugo aje Jumamosi na mtego."

"Basi kicheche mmoja zaidi atamwongezea nini?"

"Nikichaguliwa, mimi ndiye nitakayewatunza. Nitakuwa na ufunguo wa kabati la vicheche."

Baba yake aliishika kalamu, akaiweka. "Mwanangu, sheria unaijua. Nikiandika vile ilivyokuwa, jina lako halisimami hata dakika moja. Kazi wanampa yule Kama Kawaida."

"Najua."

"Na unaitaka."

"Naitaka."

"Sasa unataka niandike nini?"

Karani alifikiri. "Mimi sikuwepo, Baba," alisema mwishowe. "Ningekuwepo ningeandika mwenyewe." Akaenda kumtafutia jogoo chakula, kwa kuwa, awe nani awe nani, alikuwa na njaa.

* * *

Alhamisi mchora mabango aliandika bango la kinyozi, la fundi saa na la duka la magodoro, herufi zikatoka zimenyooka kama askari. Katikati ya kazi alilisogelea daftari mara kadhaa. Kila akishika kalamu, mkono uliochora mabango ya nusu ya mji ulikuwa mzito kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Alijaribu hewani: Kicheche. Neno lenyewe lilikuwa rahisi, halina hata herufi ngumu. Alijaribu na lile lingine, la kweli, hewani pia, akasikia tayari kicheko cha wazazi wote wa ghalani, na nyuma yake kicheko cha ukoo, na nyuma kabisa sauti ya mnada ikisema, sikieni mpya hii.

Ijumaa binti yake hakusema lolote juu ya jogoo. Aliliweka daftari mezani kama Ijumaa zote, akaenda zake shule. Mchora mabango alikuwa na kopo la buluu mkononi. Alilizungusha, akatafuta pa kuliweka, akaliweka chini.

Mkewe alipotoka kuanika kitambaa alimkuta ameinama, ncha ya ulimi nje, kama anavyokaa akichora herufi kubwa. Alikaa hivyo kwa muda mrefu.

"Umeandika?" aliuliza.

"Nimeandika."

"Kicheche?"

"Kesho utasikia pamoja na wenzako," mumewe akasema, akapuliza wino ukauke.

* * *

Ghala lilijaa mpaka mlangoni. Wazazi walikaa kwenye mabenchi, vijana mbele yao, na pembeni ya meza ya mlezi alikaa bwana mifugo amepakata mtego wa chuma mkubwa unaomtosha mbuzi. Mchora mabango na mkewe walichagua benchi la nyuma, karibu na upepo.

Wasomaji walianza. Wa kwanza, kuku wazima. Wa pili alisoma Sababu kwa haraka, macho chini: kicheche, usiku. Wa tatu: kicheche, aliruka ukuta. Wa nne alikuwa Kama Kawaida: kicheche, kama kawaida. Kila likitajwa jina hilo bwana mifugo alikuwa akitikisa kichwa.

"Mimi nimefanya kazi hapa tangu nina nywele," alisema. "Nyayo zake sijaziona. Manyoya yake sijayaona. Huyu mnyama anakula kuku na mifupa anaiosha?"

Wazazi walitazama viatu vyao. Mlezi akaita jina la kazi, maana jina la nyumbani la Karani hata yeye alishalisahau. Karani akasimama, akasoma uzito, chakula na mayai kwa sauti yake ya kawaida. Alipofika chini ya ukurasa alisimama. Mwandiko ulikuwa wa baba yake, herufi za bango, zimepambwa miguu na mikia. Hakuwa amezisoma, aliona si haki kusoma kabla ya wenzake.

"Sababu," alisoma. "Diwani hakuugua na hakuibiwa. Nilimchinja mimi, baba wa mwenye daftari hili, Jumapili saa sita, akiwa bado anawika. Mgeni alikuwa shemeji yangu. Niliogopa kuchekwa kwa maharage. Mtoto hakuwepo na hakuambiwa, na paja alilokula alilikula bila kujua. Jogoo aliye bandani sasa ni wa sokoni. Doa nimelichora mimi. Supu ilikuwa nzuri."

Mtu mmoja mbele alicheka, kisha akajiziba. Mchora mabango aliona masikio yake yanawaka. Angepata mfuniko wa shimo angejifunika. Mkewe aliuingiza mkono wake kwenye mkono wake, kitu alichoacha kukifanya hadharani tangu wakiwa wachumba.

Karani hakuwa amemaliza. "Maoni ya Mzazi," alisoma, akilisogeza daftari karibu na macho. "Nimesoma kurasa zote. Zimeandikwa vizuri kuliko bango lolote nililowahi kuchora. Samahani kwa alama ya kopo."

Akakaa. Mtego wa bwana mifugo ukalia kwenye magoti yake.

"Kwa hiyo," bwana mifugo alisema taratibu, "chuma hiki nilikibeba kutoka kule mpaka hapa kuja kumnasa shemeji?"

Hapo ghala likapasuka. Walicheka mpaka benchi moja likaanguka na watu wake, wakaendelea kuchekea chini. Na kicheko kilipoanza kupungua, mama mmoja muuza mboga aliinua mkono, akifuta machozi kwa upande wa khanga.

"Wetu alikuwa fundi bomba," alisema. "Alishinda uvunguni mwa sinki kutwa nzima. Tungempa nini, pole?"

"Sisi mchumba wa dada," kijana mmoja akasema. "Na hakurudi."

"Kicheche wetu ni mama mkwe," ikasikika sauti nzito ya kiume kutoka kona. "Na bado yupo."

Mlezi alikuwa amevua miwani. Aliipangusa polepole mpaka watu wakanyamaza wenyewe.

"Nimezalisha wanawake wa mtaa huu ujana wangu wote," alisema. "Nimedanganywa juu ya miezi. Nimedanganywa juu ya baba. Sikutegemea kwamba uzeeni nitadanganywa juu ya kuku." Akaivaa miwani. "Sheria ni ileile. Waliokula wanarudi wiki ya kwanza, na wanalipa jogoo kwa jogoo. Huyu wa doa nampokea, rangi itatoka akinyonyoka. Na aliyekula hachaguliwi. Wanachama ambao kwao hakukuliwa kitu, wanyooshe mkono."

Mikono miwili mitatu ya watoto wadogo kabisa, waliokuwa hata kalamu hawajaizoea, ilipanda. Mmoja zaidi ulipanda nayo: wa Kama Kawaida. Babu yake, aliyekaa benchi la pili, akakohoa. Akakohoa tena, kikohozi cha mtu aliyeshiba kitu fulani. Mkono wa Kama Kawaida ukashuka polepole kama bendera jioni.

"Mimi nilipewa shingo tu," alisema.

Mlezi aliwatazama wale watoto wadogo, akatazama lundo la madaftari, akaguna. "Kabati hili nikimpa asiyeweza kulifikia, tumekwisha. Basi kwa leo tu tutachagua kati ya wenye hatia. Nani ana jina?"

Jina lilitoka kabla hajamaliza kusema, na lilitolewa na Kama Kawaida mwenyewe. "Karani," alisema. "Mimi ningeandika tu... mnajua ningeandika nini."

Wote wakanyoosha mikono, na bwana mifugo naye, ambaye hakuwa mwanachama. Karani alipewa ufunguo. Hakuruka wala hakupiga kelele. Aliutoa mfukoni mwake uzi alioubeba tangu asubuhi, bila matumaini, kwa tahadhari tu, akaufunga ufunguo, akauvaa shingoni.

"Na wewe mchora mabango," mlezi akasema, "utatuchorea ubao hapa ukutani, safu zote, kubwa. Baada ya Maradhi na Kuibiwa, utatia Kuliwa. Na ya pembeni yake, Na Nani. Kopo ulete la kwako."

* * *

Dalali alirudi Jumapili moja baada ya ubao kukauka. Safari hii hakupiga hodi juu ya ukuta. Alikuja amenuia, ameshalegeza mkanda njiani. Alikaa kwenye kile kiti kizima, akanusa, akashtuka kidogo, akanusa tena. Mke wa mchora mabango alimwekea sahani mbele. Ilikuwa maharage.

Uani jogoo akawika. Saa ilikuwa haieleweki. Diwani wa Pili aliwika alipojisikia, na doa lake lilikuwa limebaki nusu.

"Naona mmepata mwingine," dalali alisema akimkonyeza shemeji yake.

"Wa chama," mchora mabango akajibu. Alishangaa kujiona amekaa vizuri, miguu imenyooka, maini yametulia.

"Hata wa chama analiwa. Yule wa mwezi uliopita bado namsimulia."

Karani aliondoka mezani akarudi na daftari. Alilifungua ukurasa msafi, akaliweka kando ya sahani ya mjomba wake, kalamu katikati.

"Hakuna shida, Mjomba," alisema kwa adabu. "Akiliwa, wewe ndiye utakayekuwa umeona. Utaandika hapa. Jina kamili, na sababu kwa nini maharage hayakutosha. Mimi nitasoma Jumamosi."

"Utasoma wapi?"

"Ghalani. Mbele ya wazazi."

Dalali aliitazama kalamu. Maisha yake yote alikuwa ametangaza mali za watu kwa sauti, vitanda vyao, vyungu vyao, mbuzi wao vilema, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna mahali ambapo yeye angeweza kutangazwa.

"Huwa wanakuja wengi?" aliuliza.

"Wanajaa mpaka nje."

Alilisogeza daftari pembeni kwa kidole kimoja, taratibu, asiliamshe. Akaivuta sahani karibu, akala kijiko, akala cha pili. Mchora mabango na mkewe hawakutazamana, kwa sababu wangetazamana wangeharibu kila kitu.

"Dada," dalali alisema, kwa sauti ndogo ambayo ukoo mzima haukuwahi kujua kwamba anayo, "maharage haya leo umeyatia nini?"

"Chumvi," mshonaji akajibu.